Tunaomba ukurasa mmoja wa herufi kubwa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni wakala wa pesa kwa simu hapa Nansio, kisiwani Ukerewe, na gazeti lako nalinunua karibu kila siku meli inapolifikisha. Sijawahi kukuandikia. Leo nina ombi moja, nalo ni dogo, ila sababu zake ni ndefu na zinaanzia mbali. Naomba univumilie.

Kibanda changu kipo kando ya njia iteremkayo mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapofikia. Wateja wangu wengi ni akina mama wa dagaa, wale wanaopokea mitumbwi alfajiri, wakaanika, wakajaza magunia na kuyapeleka Mwanza, mwalo wa Kirumba. Fedha zao zinarudi kwa simu. Anafika mama, anafungua pindo la kanga, anatoa kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, na kuniwekea mkononi. Halafu anaitaja namba yake ya siri kwa sauti, tarakimu moja moja, na nyuma yake kuna foleni ya watu sita.

Wakala haruhusiwi kuijua namba ya siri ya mteja. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza. Lakini aliyeitunga kanuni hiyo alikuwa akimfikiria mtu anayeweza kusoma menyu. Huyu mama akibonyeza nyota na reli, kinachomtokea kwenye kioo ni mistari mieusi isiyomwambia kitu. Atajuaje ipi ni kutuma na ipi ni kutoa? Basi ananikabidhi simu, namba na fedha zake zote kwa pamoja, kisha anatazama pembeni akisubiri nimwambie zimebaki ngapi. Nikisema elfu ishirini, ndiyo hiyo elfu ishirini. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi sasa, na hadi leo mtu aliyenizidi umri akinitajia namba yake ya siri mbele za watu nasikia uchungu.

Mwaka 2021, mwezi wa saba, alikuja mama mmoja kutoka mwalo wa upande wa pili wa kisiwa. Alikuwa ametumiwa shilingi 310,000 na mnunuzi wake wa Mwanza, akatoa 150,000 kwa wakala wa hukohuko kwao, na sasa alitaka zilizobaki. Kwa hesabu yake zilikuwa 160,000 kasoro makato. Nilipotazama salio nikakuta hazifiki hata 60,000. Nikafungua meseji zake. Ilikuwepo, haijafutwa: umetoa shilingi 250,000, tarehe, saa, jina la wakala. Mwenzangu yule alitoa laki mbili na nusu, akamhesabia laki na nusu, laki moja akabaki nayo. Ushahidi huo mama alitembea nao siku nne, umefungwa kwenye pindo la kanga yake.

Fedha hazikurudi, maana wakala yule alikuwa ameshahama. Ninachokikumbuka zaidi ni kilichofuata. Mama hakulia wala hakulaani. Aliketi kwenye benchi langu akasema, "Mwanangu, nionyeshe hapo palipoandikwa laki mbili na nusu." Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu: mbili, tano, halafu sifuri nne. Akaitazama muda mrefu, akiisogeza simu mbali na macho, akiirudisha karibu. "Kumbe ndivyo inavyokaa," akasema. Jioni ile nilimwandikia tarakimu zote, kuanzia sifuri hadi tisa, kwenye karatasi ya daftari, akaikunja na kuondoka nayo.

Ukerewe haikutakiwa kuwa mahali pa jambo la namna hii, na hapo ndipo panaponiuma. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 zikachaguliwa wilaya 6 ambazo watu wake wote wazima wangejua kusoma kabla ya nchi nzima. Ukerewe ilikuwamo, pamoja na Mafia huko pwani. Hata kabla ya hapo, tangu 1968, mradi wa UNESCO uliokuwa na makao yake Mwanza ulianza kuandaa vitabu vya kisomo kwa mikoa ya Ziwa: cha pamba kwa mkulima wa pamba, cha migomba kwa mwenye shamba la ndizi, cha uvuvi kwa mvuvi. Kisomo chenye manufaa, ndivyo kilivyoitwa. Mtu alijifunza herufi kwa maneno ya kazi yake mwenyewe.

Mama yangu alikuwa katika darasa la mwanzo kabisa kijijini kwetu. Mimi nilizaliwa 1967, nikawa mtoto wa kukaa karibu na miguu yake, kwenye mchanga chini ya mwembe, saa za alasiri. Mwalimu wao alikuwa kijana wa jirani aliyemaliza darasa la saba, anajitolea kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Wazee waliomwona akizaliwa walimwita Mwalimu, naye aliwaamkia kwanza mmoja mmoja ndipo aanze kuwafundisha. Mama aliandika chini kwa kijiti kabla ya kuandika kwenye daftari, asije akaharibu ukurasa. Herufi zangu za kwanza nilizipata pale, kwa kuzifuatisha kwa kidole alipokwisha kuinuka.

Redio nayo ilikuwa darasa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakafanya walichokisoma. Choo cha kwanza cha nyumbani kwetu baba alikichimba mwaka ule, baada ya mama kumsomea.

Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa. Sisi watoto tulipewa mapumziko ili mama zetu wakalie madawati yetu. Mama alifaulu, akapewa cheti, akakiweka sandukuni chini ya vitenge vyake. Katika sensa ya 1967 watu wazima wapatao 67 kati ya kila 100 nchini hawakujua kusoma. Mtihani wa 1975 ukaonyesha wamebaki 39, na ule wa 1986 ukaonyesha hawafiki 10. Juni 1976 wataalamu wa elimu ya watu wazima kutoka pande zote za dunia walikutana Dar es Salaam, Mwalimu akawafungulia mkutano, na Novemba mwaka huohuo UNESCO ikapitisha jijini Nairobi pendekezo lake la kuendeleza elimu ya watu wazima. Dunia ilikuja kwetu kutazama jambo hili linavyofanywa.

Sasa sikiliza kilichompata mama. Mwaka 2006 baba alifariki, nikamsindikiza mama kwenye ofisi moja kufuatilia karatasi za shamba. Karani akamsogezea karatasi, akauliza, "Bibi, unajua kusaini?" Mama akajibu kwamba anajua. Akashika kalamu. Zikatoka herufi mbili za jina lake, zimeinama lakini ni zenyewe. Ya tatu ikakwama. Aliinua kalamu, akaishusha, akaiinua tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, ningeweza kumnong'oneza, ila sikufanya hivyo kwa sababu niliamini inakuja. Karani akasema foleni ni ndefu. Akausogeza wino wa dole gumba, akamshika mama kidole na kukigandamiza mwenyewe. Njia nzima ya kurudi mama alikuwa akisugua dole lile kwa mchanga. Wino ule wa zambarau ulikaa siku tatu. Mama alifariki 2015, na siku ile hatukuwahi kuizungumzia.

Cheti chake ninacho.

Nimejiuliza sana mtu aliyefaulu mtihani wa taifa anasahauje jina lake. Jibu nimelipata kwa kukumbuka nyumba yetu ilivyokuwa. Miaka ile ya sabini mama alikuwa na vitu vya kusoma. Kulikuwa na vijitabu vya kisomo, na kuanzia 1974 kulikuwa na gazeti la Kanda ya Ziwa lililotolewa Mwanza, Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa mahsusi kwa watu waliotoka kujua kusoma. Mama alilisoma jikoni kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na sisi tukinyamaza. Halafu ikaja vita ya 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, karatasi ikaadimika, walimu wa kujitolea wakakaa bila posho, na nguvu iliyobaki ikapelekwa kwa watoto. Kwa watoto silaumu, mimi mwenyewe nilisoma kwa nguvu hiyo. Lakini kufikia katikati ya miaka ya themanini karatasi pekee yenye maandishi iliyoingia nyumbani kwetu ilikuwa ya kufungia sukari. Mama alikaa miaka ishirini bila mstari wa kusoma. Alichojifunza kilikufa njaa.

Sensa ya 2012 ilikuta watu kama 78 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi ndio wanaojua kusoma na kuandika. Linganisha na ule mtihani wa 1986. Naelewa kwamba mtihani na sensa havipimi sawasawa, lakini mimi ninayekaa mwaloni naiamini zaidi tarakimu hii ya pili.

Yule mama wa laki moja alirudi baada ya wiki mbili, na karatasi yangu ikiwa imechakaa mikunjo, na wenzake watatu. Tarakimu zote alikuwa anazijua. Ndivyo darasa letu lilivyoanza, nyuma ya kibanda, kwenye mlango wa zamani nilioupaka rangi nyeusi. Leo wako 11. Mdogo ana miaka 29 na mkubwa ameshavuka 70, huyo namwita Mama Mkubwa na ndiye anayenikemea nikichelewa.

Darasa letu linafuata mwezi. Watu wa bara huenda hawajui: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mwezi ukijaa taa hazifui dafu, mitumbwi inapandishwa mchangani, na kwa siku kama kumi mwalo unapoa. Siku za giza mama huyu anaamka saa tisa usiku, anapokea, anaosha, anaanika, anageuza, anakimbiza mvua, jioni amekwisha. Siku za mbalamwezi anayo nafasi. Basi sisi tunasoma mbalamwezi, kila jioni mfululizo, giza likiingia tunapumzika na kila mtu anakwenda na karatasi yake. Miaka ya nyuma mradi mmoja ulileta darasa hapa, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi jioni, mwezi upo au haupo. Wiki ya tatu ikaingia giza na benchi zikabaki tupu. Baadaye nilisikia ripoti yao ilisema akina mama wa mwaloni hawana mwamko. Mhariri, mtu anayeamka saa tisa usiku akasimama kwenye maji hadi magotini ana mwamko wa kutosha. Ratiba ndiyo iliyokuwa ya mtu mwingine.

Neno letu la kwanza lilikuwa dagaa. Nililiandika kubwa ubaoni, nikalikata: da, ga, a. Tukatoa da, de, di, do, du, kisha ga, ge, gi, go, gu. Nikawaambia waunganishe wapendavyo. Kwa dakika kadhaa palikuwa kimya, chaki tu. Mmoja akapata "dada". Mwingine "gogo". Mama Mkubwa akapata "dua" na hakutaka nilifute, likakaa pembeni ya ubao wiki nzima. Kisha yule wa laki moja akaandika "dai", akalisoma kwa sauti, akageuka kuwatazama wenzake. Hakuna aliyesema kitu, lakini wote tulielewa anamdai nani. Somo la pili lilikuwa salio. La tatu makato. Wengi wao nyumbani wanazungumza Kikerewe au Kijita, ila maneno haya ya simu hayana tafsiri kwao, ni Kiswahili moja kwa moja, na hayo ndiyo waliyokuwa na kiu nayo.

Hesabu sikuwafundisha mimi. Wanajua. Mpe mama wa dagaa idadi ya ndoo na bei ya ndoo, atakujibu nikiwa bado natafuta kikokotoo. Kilichokosekana ni mahali pa kuiandika. Mmoja alikuwa akiweka madeni ya wateja wake kwa vistari vya mkaa kwenye ukuta wa jiko, kila mteja na safu yake. Masika moja paa likavuja ukutani, na madeni ya miezi miwili yakateremka na maji. Sasa ana daftari. Majina anayaandika nusu nusu, lakini yeye anayasoma.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyeniambia kabla: macho. Mtu mzima aliyevuka arobaini herufi ndogo hazioni, awe amesoma au hajasoma. Mama wawili nilikuwa nimeanza kukata tamaa nao, nikawaona wazito wa kuelewa, hadi siku moja nikamvalisha mmoja miwani yangu ya kusomea. Akasoma mstari mzima. Nilikosa la kusema, maana nilikuwa nimemdhania vibaya miezi mitatu. Tumenunua miwani moja ya darasa kwa mchango, inazunguka benchi hadi benchi, na zamu ya miwani ndiyo zamu ya kusoma.

Mwaka jana mmoja wao alikuja kibandani saa saba mchana, jua kali, anahema. "Mama Wakala, nimesoma mwenyewe!" Ilikuwa meseji ya kwanza maishani mwake kuisoma bila mtu. Akanisomea tena, silabi kwa silabi, kidole kwenye kioo: "I-le pe-sa i-tu-me kwe-nye na-mba hii." Halafu uso ukabadilika, akauliza, "Nina pesa ya nani mimi?" Alikuwa ameshaanza kuhesabu akilini anadaiwa na nani. Wewe na mimi tunaijua meseji ile ya matapeli, tunaifuta hata bila kuimaliza. Yeye aliisoma kama mtu anavyosoma barua. Jioni ile tuliacha somo lililopangwa, nikaiandika meseji nzima ubaoni, tukakaa nayo saa nzima: nani ameandika, mbona hakutaja jina langu, anataka nifanye nini, kwa nini ana haraka. Kumfundisha mtu kusoma mwaka huu ni pamoja na kumfundisha kutoamini kila kilichoandikwa, na vijana wanaoandaa vitabu vya kisomo siku hizi naomba wasilisahau hilo.

Sasa nafikia kwako. Baada ya meseji na pakiti za dawa, wanakisomo wangu hawana cha kusoma. Vitabu vya shule ni vya watoto, vina sungura na fisi, na mama mwenye wajukuu tisa hawezi kukaa jioni na sungura. Nikasema basi, lipo gazeti. Nikawaletea lako. Kichwa cha habari cha ukurasa wa kwanza walikisoma wote, kwa pamoja, kwa sauti, mpaka watu wa njiani wakasimama. Halafu wakashuka kwenye habari yenyewe wakakwama. Herufi ni ndogo mno. Sentensi ya kwanza nilihesabu ina maneno 43. Ilikuwa na mchakato, utekelezaji, wadau na uwezeshaji, na hadi ukifika mwisho umesahau aliyetajwa mwanzo. Mama Mkubwa akaikunja akasema, "Wametufungulia mlango, ndani hawajawasha taa." Habari yenyewe ilihusu ushuru wa mazao ya uvuvi. Ilikuwa habari yao.

Ombi langu ni hili. Tenga ukurasa mmoja kwa wiki, au hata nusu, wenye herufi kubwa kama za vichwa vya habari vidogo, sentensi fupi, maneno ya kawaida. Uwe na bei ya dagaa na ya samaki Kirumba. Uwe na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi ziwani, maana taarifa hiyo ikikosewa watu wanakufa maji. Uwe na meseji moja ya matapeli inayosambaa wiki hiyo, na maelezo yake. Uwe na habari moja kubwa ya nchi, ileile mliyoiandika ukurasa wa kwanza, imeandikwa upya kwa ufupi bila kupunguzwa ukweli wake. Tafadhali msituandikie mambo ya kitoto, wala msiweke picha za katuni za kufundisha kunawa mikono. Wasomaji hawa wamezika waume, wamelea, wanalipa kodi na wanapiga kura. Wanachokosa ni mazoea ya macho tu.

Utaniuliza nani atalinunua. Mimi nitachukua nakala 11 kila wiki, nilipe mbele. Na hatuko peke yetu. UNESCO inahesabu watu wazima zaidi ya milioni 700 duniani wasiojua kusoma na kuandika, karibu wawili kati ya kila watatu wakiwa wanawake. Katika hao wapo wa mialo yote ya ziwa hili, upande wetu na wa Kenya na Uganda, na wapo wa migodini na wa mashambani. Kila 8 Septemba, Siku ya Kisomo Duniani, magazeti hutukumbuka kwa picha. Hupenda sana ile ya marehemu Kimani Maruge wa Eldoret, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84 baada ya Kenya kufuta ada, na mwaka uliofuata akaenda New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa. Mzee yule namheshimu kabisa. Lakini nikiitazama picha ile naona dawati. Lilichongwa kwa mtoto wa miaka saba, na babu amelikunjia magoti. Mimi natamani picha ya mzee ameketi kwenye benchi la kimo chake, anasoma kitu kilichoandikwa kwa ajili yake.

Nimepata kusoma pia habari za Kuba. Mwaka 1961 waliwatuma vijana wapatao 100,000 vijijini na taa mkononi kufundisha wakulima, na aliyemaliza alithibitisha kwa kumwandikia barua Fidel Castro. Barua hizo zimehifadhiwa hadi leo. Jambo hilo lilinikaa moyoni, nikawaambia wenzangu kwamba mtihani wetu wa mbalamwezi hii utakuwa barua. Wakauliza kwa nani. Tukakubaliana iwe kwako.

Nimezifunga tatu pamoja na hii. Zimeandikwa kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi za daftari, na sikugusa hata herufi. Moja ina mistari miwili tu, ila aliyeiandika alianza saa kumi na moja jioni akamaliza taa ya sola inafifia. Nyingine ameandika jina la mwalo wake mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza hakuridhika nalo. Ya tatu ni ya Mama Mkubwa, anakuuliza kwa nini juzi uliandika kwamba dagaa wameshuka bei Mwanza wakati yeye aliuza kwa bei ya juu. Nadhani anastahili kujibiwa. Ukiamua kuzichapa, naomba ziende kama zilivyo.

Mwezi unaanza kuwa mkubwa wiki ijayo. Gazeti la siku linafika hapa na meli ya mchana, nami hulichukua gatini mwenyewe. Jua likitua tunakuwa nyuma ya kibanda, miwani iko mezani.

Wako,

Wakala wa pesa kwa simu,
Nansio, Ukerewe
(Jina langu nimelituma kando.)